Shati Haliazimwi

Gikondo, Jumapili, 14 Februari 1993

Leo nimeambiwa niende nyumbani nikabadilishe nguo, na sikwenda.

Nilitoka kwenye kazi ya kujitolea moja kwa moja mpaka msikitini, kwenye kikao cha vijana wa kike. Mwenyekiti wao ni mimi. Nilikuwa bado na shati la shirika letu la Mkono kwa Mkono, shati la kaki lenye mikono miwili ya bluu iliyoshikana kifuani. Matope yalikuwa yamefika kwenye kola. Bibi mmoja wa kamati akanitazama kuanzia mtandio mpaka viatu. "Shimwa, hapa si hospitali."

"Bibi, saa kumi nina timu ya mpira wa wavu, na huko pia si hospitali," nikamjibu. "Nikibadilisha kila mahali, kutwa nitakuwa navua na kuvaa. Kazi nitaifanya saa ngapi?"

Wasichana wakacheka. Bibi hakucheka. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, ndiyo maana nimeona mengine niyaandike tu.

Mimi ni binti wa Usumani, fundi cherehani, tunakaa karibu na magereji. Babu alikuja na wafanyabiashara kutoka Tabora, kwa hiyo nyumbani tunasema Kiswahili, na mtaani wanatuita Waswahili kana kwamba tulishuka na mvua, ingawa bibi zetu wote wamezaliwa kwenye vilima hivi hivi. Nina vyeo vitatu visivyo na mshahara. Naongoza wajitolea wa sekta yetu pamoja na Eustache, naongoza wasichana wa msikiti, na ni kapteni wa timu ya mpira wa wavu. Sikuviomba. Kila mara mtu aliuliza "nani atafanya?" na wenzangu wakaanza kuangalia viatu vyao.

Eustache ni fundi magari, Mkatoliki, mcheshi. Kamyoneti ya shirika inamsikiliza yeye tu. Watu wanasema tutaoana. Hatutaoana, dini zetu haziruhusu, lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba hapana.

Jumatano, 17 Februari

Mvua. Kamyoneti imezama kwenye tope baada ya Gatsata. Tumebeba madumu kwa miguu.

Jumamosi, 20 Februari

Kambi iko mbele ya Gatsata, kwenye barabara ya kaskazini. Vita vimeanza tena huko juu na watu wanateremka na magodoro vichwani. Juzi ulikuwa mteremko wa nyasi, leo huoni jani. Wamejenga vibanda vya matawi ya mikaratusi, vya kuingia kwa magoti, na mvua inaingia pamoja nao. Wanahara damu. Kazi yetu ni maji. Tunatia dawa kwenye mapipa, tunasimamia foleni, tunawafundisha kina mama kuchanganya chumvi na sukari.

Leo mama mmoja aitwaye Nyiramana alikataa kunywa. Ametoka Byumba na watoto, mmoja amemzika njiani. Alilishika shati langu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitambaa sokoni.

"Hii nguo ni ya chama gani?"

"Si ya chama, mama. Ni ya maji."

Akanitazama sana. "Basi nitakunywa. Jana walikuja wengine na nguo za rangi. Maji walikuwa nayo, lakini walitaka tuimbe kwanza."

Jumanne, 23 Februari

Ramadhani mosi, na Konseye Nahimana, mkuu wa sekta yetu, ameniita ofisini akanifungulia soda.

"Ah, samahani, binti wa Usumani. Nimesahau uko unafunga."

Hakusahau. Aliiacha soda mbele yangu ikitoa povu muda wote tuliozungumza. Kando yake palikuwa na kitenge kilichokunjwa vizuri, kile cha chama chake. Chama chenyewe hakitaji jina. Anasema "sisi" tu, na wote tunaelewa.

"Wewe iko na vyeo tatu," akaanza. "Viongozi wengine wa vijana iko na moja moja, na wamevaa. Wewe vyeo tatu, nguo moja, na hiyo nguo haina sisi ndani."

"Ina kazi ndani, Bwana Konseye."

"Kazi, sawa. Jumapili ya mkutano yetu nataka wasichana ya msikiti mstari wa kwanza. Timu ya mpira, wa pili. Wajitolea, wa tatu. Wote kitenge."

"Mjitolea haruhusiwi kuvaa rangi ya mtu. Na yule wa msikiti na yule wa mpira ni mimi huyu huyu. Nikivaa hiki Jumapili, Jumatatu nani atakunywa maji yangu?"

Akacheka kidogo, kwa pua. "Kichwa yako ngumu. Baba yako anajua?"

"Baba ndiye aliyekitengeneza."

Nilitoka nikaupita mlango wa kwetu bila kuuona. Sitasingizia njaa.

Alhamisi, 25 Februari

Eustache anasema ningejibu tu "nitafikiri". Nimemwambia nilikuwa nimeshafikiri.

Jumapili, 28 Februari

Mazoezi, katikati ya mvua mbili. Mwalimu Gakwaya amefunga wavu mwenyewe. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba kama mlingoti, na wavu ule aliununua yeye baada ya kutukuta tunachezea kamba ya kuanikia nguo. Nusu ya watoto wa Gikondo wamejua kusoma kwa sababu yake. Anatufundisha kwa filimbi na kwa kukasirika.

Mukasine amechelewa tena. Ni mpwa wa konseye na anakaa kwake. Hakuna anayepiga mpira kwa nguvu kama yeye, wala anayesalimu kwa shida kama yeye. Leo aliniuliza wajitolea wangapi wanakwenda kambini, na siku gani. Nikamwambia aulize mvua.

Nimemwonya Eustache kwamba masikio ya Mukasine ni ya mjomba wake, akiwapo tuchunge maneno. "Weye unaona maadui kila mahali," akasema. Labda. Lakini Eustache namwamini, na yule simwamini, na kuamini si dhambi.

Alhamisi, 4 Machi

Nimerudi kutoka kambini nikamkuta Baba amekaa mbele ya majora ya kitenge kile kile, yamepangwa mpaka dirishani.

"Nani kaleta hivi?"

"Kazi imekuja," akasema. Hakuinua macho. "Mashati na magauni, ya mkutano."

"Mimi sishoni."

"Sijakuomba."

"Baba, unajua ni vya nani. Unajua wanachofanya wakishavivaa."

Akaweka mkasi chini polepole. "Mwanangu, wewe kutwa uko na wagonjwa. Mgonjwa hawezi kukuchomea nyumba. Mimi nakaa hapa na mlango wazi, kila mtu anajua ninapolala."

"Basi wewe ni mwoga."

Nilisema hivyo, kwa kinywa chenye saumu. Akauokota mkasi, akakata. Futari tumekula kila mtu akitazama ukuta wake.

Jumatatu, 8 Machi

Redio imesema wamekubaliana huko Dar es Salaam kusimamisha vita. Kambini hakuna aliyefungasha. Nyiramana anasema redio haina miguu.

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Baba anakata kitenge. Mimi nashona sare za shule kwenye cherehani ya pili. Nimempa mgongo.

Jumamosi, 13 Machi

Leo nimedanganya mtu na silali vibaya kwa hilo.

Eustache alinisubiri kwenye kona ya gereji, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono. "Konseye anaomba kitu kidogo. Yale mashati ya akiba yaliyo stoo. Anataka kuazima kwa siku chache, vijana wake wavae."

"Wanakwenda kubeba maji?"

"Hapana."

"Basi wanakwenda kubeba nini?"

Akatazama kucha zake. "Shimwa, ufunguo ninao mimi. Ninakuambia kwa heshima tu. Tukikataa watachukua. Tukitoa, watatukumbuka vizuri."

Nilimtazama usoni nikitafuta mzaha wake, kwa sababu kwa Eustache mzaha huwa haukai mbali. Haukuwapo. Nikasema, "Haya. Lakini yananuka ukungu, utatuaibisha. Nipe ufunguo niyafue kwanza." Akanipa haraka, akishukuru, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sikuyafua. Niliyabeba kwenye shuka mpaka uwanjani na nikawaita wasichana wa msikiti pia. Waislamu na Wakristo wakakaa pamoja kwenye majani mabichi, na nikawaambia yote bila kuyapamba. Shati likikaa stoo bila mtu, litatafutiwa mtu. Anayetaka kujitolea kweli, kubeba maji kweli, avae sasa hivi na asilivue mbele ya yeyote. Anayeogopa aende nyumbani, na kesho tutasalimiana kama kawaida.

Wawili wakaenda. Nitawasalimia. Wengine wakapanga mstari, na Mwalimu Gakwaya akapuliza filimbi kwa ajili ya utaratibu tu, maana hakuna aliyekuwa akisukumana.

Mwisho wa mstari alikuwa Mukasine. Nikamruka. Akabaki amenyoosha mkono.

"Wewe unakaa kwa konseye," nikamwambia.

"Ndiyo. Kwa hiyo mimi ndiye ninayejua yanakwenda wapi." Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya uwanjani. "Wanataka kupita nayo kwenye vizuizi, na kuingia kwenye zahanati bila kuulizwa. Walisema mezani nikiwa napakua maharage. Hawaachi kuongea nikiingia. Wananiona kama bakuli."

Nikampa shati. Nimempa, na mpaka sasa sijui kama nimekosea.

Jumatatu, 15 Machi

Walivunja mlango wa stoo wakakuta panya. Wakaja dukani kwa Baba vijana wa kitenge, na mkubwa wao mbele, jitu la mabega mapana linalolinda mikutano ya konseye.

"Mashati yako wapi?"

"Yamevaliwa."

"Na nani?"

"Angalia barabarani."

Wakati ule ule wasichana wawili wa timu walikuwa wakipita na ndoo, kaki mpya, mikono ya bluu vifuani. Akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona. Kisha kofi. Lilinikuta sijajiandaa, nikaenda na kiti. Nilionja damu mdomoni, nikaitema chini, nisije nikaimeza nikafungua.

Baba alikuwa amesimama na mkasi mkononi. Hakusogea. Walipoondoka aliniletea maji ya kunawa, akarudi kwenye meza yake, akashika kitenge. Hakukata tena, alikishika tu. Nimekwenda kulala nikimchukia.

Jumanne, 16 Machi

Baada ya adhuhuri Baba amefunga majora yote kwa kamba, yaliyokatwa na yasiyokatwa, akayatia kichwani. Nilidhani anayahamishia chumbani. Akatoka mlangoni.

Nilimfuata. Alishika njia ya katikati, ile ya magereji, si ya nyuma. Mafundi walichomoa vichwa chini ya magari. Mtu mmoja akamwuliza, "Mzee Usumani, unahama?" Akajibu, "Mimi sihami. Kitambaa ndicho kinahama." Shingo yake ilikuwa imezama mabegani kwa uzito na jasho linamwingia machoni, mzee amefunga, jua la baada ya mvua linachoma, na hakuniruhusu hata nishike kamba.

Aliyashusha kwenye ngazi ya konseye. Nahimana akatoka akiwa na kijiko cha chakula mkononi.

"Usumani, iko nini?"

"Nimerudisha kazi yako, bwana. Siiwezi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Jana walikuja watu wako wakampiga mwanangu dukani kwangu, mbele ya cherehani yangu. Sitawashonea."

Akageuka. Njiani nilitaka kumwomba msamaha kwa lile neno la siku ile. Akanikatiza, "Umefunga na umepigwa. Nyamaza, hifadhi mate." Nikanyamaza. Ni mara ya kwanza mwaka huu kumtii mara moja.

Jumapili, 21 Machi

Maji. Mapipa. Mtoto wa Nyiramana amepona kuhara. Kioo cha dirisha letu kimevunjwa kwa jiwe, Baba ameziba kwa gunia.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Pilau kidogo, nyama kidogo zaidi. Mukasine amekuja bila kualikwa, amekula kama watu watatu, na nimemwona akicheka kwa mara ya kwanza. Ana pengo. Eustache hakuja. Kila mwaka huja.

Jumanne, 30 Machi

Wamempiga Mwalimu Gakwaya, mchana, watu wakitazama. Walimwita icyitso, msaliti wa ndani, kwa sababu ana ndugu Uganda, kule walikotokea waasi. Nani hapa hana ndugu mahali? Tulifika na machela tukamkuta ameegemea ukuta, mguu umegeuka upande usiotakiwa. Nilifunga vipande vya mbao kama nilivyofundishwa, na yeye, akiwa ameuma meno, akanisahihisha namna ya kukaza fundo. Tumemlaza zahanati. Muuguzi ni mtu mwema, amempa kitanda cha ukutani.

Alhamisi, 1 Aprili

Nilimpelekea uji. Kitanda kilikuwa kitupu na shuka limenyooshwa.

"Walikuja watu wako," muuguzi akasema.

"Watu wangu gani?"

"Wawili, na mashati yenu. Wamemhamishia hospitali kubwa. Nisingewapa, Shimwa. Mwingine yeyote nisingempa. Nililiona shati."

Nilikimbia mpaka hospitali kubwa. Hawajamwona. Njia nzima nilikuwa nawapitia wasichana wangu mmoja mmoja kichwani, kila shati na aliyelivaa, na kila mmoja nilimwona mahali pake. Nilipofika kwenye magereji ndipo nikakumbuka mtu ambaye sikuwahi kumfikiria. Eustache ana mashati mawili, la kazi na la safi.

Alikuwa chini ya gari. Nikamvuta mguu.

"Mashati yako yako wapi?"

Alikaa hapo hapo kwenye mafuta. "Waliniomba mimi, hawakukuomba wewe. Yalikuwa yangu."

"Mwalimu Gakwaya yuko wapi?"

"Mwalimu?" Rangi ikamtoka. Nilimwamini kwamba hakujua, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Walisema siku moja tu. Walisema kupita kizuizi. Shimwa, mimi nina mama mgonjwa, nina gereji ya watu..."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza nini?"

"Lolote!" Nilipiga kelele mpaka mbwa wa gereji akabweka. "Miaka mitatu unavaa shati hilo, hata siku moja hukujifunza kuuliza?"

Akalia. Nilimwacha analia. Huyu ndiye niliyesema namwamini.

Jumamosi, 3 Aprili

Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Konseye aliitisha mkutano wa wakaazi uwanjani kwetu, pale tunapofunga wavu. Watu walijaa, maana asiyekwenda hukumbukwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mabati ya maghala. Nahimana alishika kipaza sauti akaongea juu ya usalama, kwamba adui yuko ndani ya nyumba zetu, kwamba vijana wanahitaji viongozi wapya na si watu wa kukusanya vyeo kama kuni. Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimekaa chini na wasichana, wote kaki. Baba alikuwa upande wa wanaume.

Kisha nikaliona. Lile jitu lililonipiga kofi lilikuwa limesimama kando ya meza ya konseye, na lilikuwa limevaa shati la Mkono kwa Mkono. Lilimbana mabegani. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na doa la mafuta ya gari ninalolijua, nimeshalisugua mwenyewe kwa majivu. Walikuwa wameshalizoea kiasi cha kulivaa mbele yetu.

Sikupanga. Nilijikuta nimesimama natembea katikati ya watu, wakinipisha bila kutaka. Konseye akasema, "Shimwa, kaa chini, zamu yako hakuna." Nikafika mbele ya lile jitu. Nilimfika kifuani, nikawa natazamana na ile mikono miwili ya bluu.

"Vua."

"Nini?"

"Hilo si lako. Vua."

Alicheka akawatazama wenzake. Nikawageukia watu. Sina kipaza sauti, ila nimezoea kupiga kelele kwenye foleni ya maji.

"Mwalimu Gakwaya alikuwa zahanati, mguu umevunjika. Juzi wamekuja watu wawili wamevaa hili shati wakamchukua. Hospitali hayupo. Nyumbani hayupo. Huyu amelivaa. Namwuliza mbele yenu, Mwalimu yuko wapi?"

Mvua ikaanza, matone makubwa ya mbali mbali. Konseye akasema kwa kipaza sauti, "Huyo binti iko anatumiwa. Mtoeni." Vijana wawili wa kitenge wakaja. Nyuma yangu nikasikia nguo zikichakarika, wasichana wanasimama, mmoja, kisha wengine, wakaja wakanizunguka, na wale vijana wakasita, kwa sababu wawili kati ya wasichana wale walikuwa dada zao.

Ndipo sauti ikatoka upande wa meza ya konseye, kule walikokaa watu wa nyumbani kwake. Mukasine. Alikuwa na gauni la kitenge alilovalishwa, na juu yake alikuwa akifunga vifungo vya shati la kaki, vifungo vinakwenda kombo.

"Yuko ghalani nyuma ya nyumba yetu," akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya uwanjani. "Asubuhi hii nimetumwa kumpelekea uji. Yu hai. Mguu umevimba. Mjomba ana ufunguo mfukoni."

Nahimana aliushusha mkono wenye kipaza sauti. Nilimwona anataka kucheka kwa pua na pua ikakataa.

Mama mmoja muuza mkaa akasimama. "Mwalimu aliyemfundisha mwanangu kusoma? Huyo ndiye mmemfungia ghalani kama viazi?" Mwingine akasimama. Kisha baba mmoja, kisha mafundi wa gereji, na kati yao Baba yangu, ambaye alianza tu kutembea kuelekea nyumba ya konseye. Watu wakamfuata. Hawakurusha jiwe. Walitembea kwenye mvua, na mkutano ukaondoka ukamwacha mwenye mkutano.

Lile jitu lilibaki limesimama mbele yangu. "Vua," nikamwambia mara ya tatu. Akatazama huku na huku, wenzake wakiyeyuka. Akavua. Ndani alikuwa na kitenge.

Konseye alifungua ghala mwenyewe. Alisema Mwalimu alikuwa chini ya ulinzi kwa usalama wake. Mafundi wakampita wakaingia. Tulimtoa Mwalimu kwa machela, anaungua kwa homa, midomo imepasuka. Tumembeba kwa zamu mpaka kwa masista, na wazazi wa wanafunzi wake wamelala mlangoni. Kesho kutwa ndugu zake wanampeleka Butare.

Jumanne, 6 Aprili

Malipo yameanza. Konseye ametangaza kwamba sasa ni mtu mmoja, cheo kimoja, na cha kwangu hakuna. Uwanja umefungwa. Kamati ya msikiti imeniondoa uenyekiti "kwa usalama wako, mwanangu". Yule bibi aliyetaka nibadilishe nguo alisema hivyo akilia, kwa hiyo sikumjibu vibaya. Mukasine ametupiwa godoro lake nje. Analala kwetu, na Baba anamfundisha kutia uzi kwenye sindano. Mwanafunzi hana subira hata kidogo.

Mchana nimeitwa Kacyiru, kwenye ofisi ya shirika. Mkurugenzi, mtu wa tai na kikohozi, akasema nimeliingiza shati kwenye siasa, nilirudishe mpaka mambo yatulie.

"Siasa ndiyo iliyoliingia shati, bwana. Mimi nililitoa."

"Hata hivyo."

"Nikilirudisha mtaliweka wapi?"

"Stoo."

"Huko stoo ndiko walikolifuata."

Akanyoosha mkono juu ya meza. Nikaendelea kukaa. Mkono ukakaa pale mpaka ukachoka. Mwishowe akaurudisha, akafungua faili lingine, akasema bila kunitazama, "Leo hujafika hapa. Nenda."

Jumamosi, 17 Aprili

Mvua kubwa. Vibanda vimeteremka na tope. Tumechimba mitaro kutwa.

Jumapili, 2 Mei

Mvua zinapungua. Leo kambini wamekuja wasichana wote, wa msikiti na wa wavu, ingawa mimi si kiongozi wa yeyote. Niliwaambia hivyo. Wakaniuliza zamu zimepangwaje.

Saa nne nimemwona Eustache anateremka mteremkoni. Amekonda. Alikuwa na shati la kawaida la mistari, anashika kila mti kwa kuteleza. Mukasine akaweka ndoo chini. Nikamzuia kwa mkono.

"Nimekuja kufanya kazi," Eustache akasema. "Nipe shati, Shimwa. Hata bovu."

"Hakuna."

"Bila shati wataniuliza mimi ni wa nani."

"Watakuuliza, ndiyo. Na utajibu. Madumu yale pale, yanakwenda kwenye pipa la juu."

Alisimama. Nilidhani atageuka. Akavua viatu, akavifunga kamba shingoni, akainua madumu mawili. Katikati ya mteremko akaanguka, maji yote yakamwagika. Hakuna aliyecheka. Akarudi chini kuyajaza tena.

"Umemsamehe?" Mukasine akaniuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

"Sasa abebe."

Juu barabarani walikuwa wamesimama vijana wa konseye, wamevaa kitenge, wametukodolea macho. Wamekuja kila siku wiki hii. Walitaka tuwaone, na tumewaona. Nikakunja mikono ya shati, nikageukia foleni, nikaita kwa sauti ya kuwafikia na wao kule juu:

"Anayefuata!"